Mtu Niliyempeleka Ujiji

Kwa binti yangu Sikudhani, uliyelala chumba cha pili, nami nakuandikia kama tayari uko mbali.

Salamu zangu utazipata kesho kwa mdomo, pale stesheni, mbele ya watu, na zitakuwa zile za kawaida. Mambo ya wakwe, ya kuishi na mumeo, ya kutunza unga na nguo, shangazi zako wamekwisha kukuambia na mengine wameyarudia. Mimi sina la kuongeza. Wewe unajua kupika kuliko mimi, na watu wote wa hapa wanalijua hilo.

Ninaandika kwa sababu ya juzi. Wanawake walipokuja kukuaga walikuomba uwasimulie, nawe ukawasimulia Ndahani. Nilikuwa uani napepeta uwele. Nikasikia ulivyompigisha baragumu mbele ya msafara, ngozi ya chui begani, na wanawake wakacheka mahali pa kucheka na wakanyamaza mahali pa kunyamaza. Uliisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kuisimulia mimi. Nikaweka ungo chini nikaingia ndani, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa.

Wewe ulikua ukanikuta nimekwisha kuiacha hadithi hiyo. Uliiokota kwa watu, na uliponiuliza imetoka wapi nilikujibu kwamba ni ya zamani. Kesho unaichukua Tabora, na reli siku hizi inapita Tabora inakwenda mpaka ziwani, kwa hiyo sina budi nikwambie. Ndahani alikuwa mtu. Alizaliwa ng'ambo ya korongo, katika tembe la udongo la paa bapa, ambalo ukuta wake mmoja bado umesimama. Ukiwa mdogo ulikuwa ukienda kuokota kuni pale.

Nianze na mimi, maana bila mimi yule wa hadithi asingekuwepo.

Bibi yako aliuza uji na pombe ya mtama kambini, pale misafara ilipokuwa ikitua kabla ya kuingia nyika kavu. Mimi nilikuwa nikigawa vibuyu. Hivyo ndivyo nilivyojua Kiswahili kabla ya wenzangu, na Kinyamwezi cha kutaniana. Mpagazi akitua mzigo hasemi. Anakaa, anatazama miguu yake kama ni ya mtu mwingine. Bibi yako aligundua kwamba nikikaa karibu nao nikaanza kusimulia, wanakunywa polepole na wanabaki. Akaniambia, "Wewe kaa hapo. Vibuyu nitagawa mwenyewe."

Nikajifunza kazi kwa kuwatazama. Nilijifunza kwamba mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima hasikilizi habari za mfalme mpaka kwanza umtajie bega lake. Nilijifunza kutazama mtu mmoja tu, yule aliyechoka kupita wote, na kumsimulia yeye, na wengine wanajileta wenyewe. Ngoma yangu ndogo nilikuwa naibana mapajani kama wanawake wa kwetu wanavyobana, naigonga kwa vidole tu, watu wasikie kwa mbali na wainamishe vichwa. Nikapata jina. Misafara ilikuwa ikiulizana njiani, "Matika wa kambini yupo?" Nilipewa chumvi, nilipewa kaniki, na mzee mmoja wa msafara aliwahi kumvua mkewe shanga akanivika mimi, tukakosa amani siku hiyo.

Baba yako naye aliletwa na msafara. Alitoka pwani akiwa anasomesha watoto wa wafanyabiashara Kurani, akaugua homa, wenzake wakamwacha hapa, akapona akabaki. Alikuja kusikiliza kama wengine. Unajua alivyokuwa, Mungu amrehemu: hacheki upesi. Nilimtazama yeye nikamsimulia yeye, mpaka akacheka, na mengine unayajua. Herufi hizi ninazokuandikia alitufundisha sote wawili kwenye mkeka mmoja, wewe mtoto wa kung'oka meno na mimi mama wa makamo, nawe ukanishinda.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma, na kodi ilikuwa imeanza. Ng'ambo ya korongo alikaa mwanamke mjane, na watu walimwita kwa jina la mwanawe, Mama Ndahani. Mwana huyo alikuwa wa pekee. Nilimjua kwa sura tu, kijana mrefu aliyekuwa akitembea huku bega moja limetangulia, kama anapita mlango mwembamba. Siku moja askari wa boma walipita wakitafuta wapagazi, wakawachukua vijana waliowakuta kisimani wakinywesha mifugo. Ng'ombe wa Ndahani walirudi nyumbani peke yao, na hivyo ndivyo mama yake alivyojua. Alikimbia mpaka njia kuu akakuta vumbi. Hakuna aliyeweza kumwambia kama wameelekea mashariki au magharibi. Watu waliambiwa tu kwamba ni safari, basi.

Tangu hapo, kila msafara ulipotua, Mama Ndahani alikuja kambini. Alipita kati ya watu waliolala chini, anatazama nyuso. Wengine walimpa maji, wengine walijifunika shuka, maana kutazamwa vile kulikuwa kunatisha.

Basi jioni moja, nimekwisha kuwachangamsha watu, kambi nzima imenigeukia, akaja akasimama mbele yangu. Tukasalimiana kwa mbukwa kama ilivyo kwetu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba moto:

"Matika, wewe unajua habari za waliokufa na za ambao hawajazaliwa. Mwanangu yuko wapi?"

Nilikuwa na la kujibu. Nilikuwa naweza kusema, mama, sijui. Kisha nisogee nimpishe mkekani akae nami. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi sikuwa nimewahi kukosa neno mbele ya kambi. Huruma ilikuwepo, sikatai. Majivuno nayo yalikuwepo, na sijui mpaka leo lipi kati ya hayo mawili ndilo lililoigonga ngoma.

Nikasema, "Ndahani? Ndahani yuko njia ya Ujiji. Mzigo wa kwanza waliompa ulikuwa wa shanga, akaufunga vibaya, ukapasuka katikati ya mbuga. Mpaka leo kanga wa kule wanataga mayai ya rangi."

Watu wakacheka. Na yule mama, ambaye hakuna aliyemwona akicheka tangu ng'ombe warudi peke yao, akaweka mkono mdomoni akacheka. Akasema, "Ndiye huyo. Hajui kufunga kitu."

Kesho yake aliniletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Akakaa karibu nami akanieleza mwanawe anapenda nini, anaogopa nini, akiwa mdogo alifanya nini. Msafara mwingine ulipotua alikuja akakaa mbele. Sikuhitaji kuulizwa tena. Nikaiendeleza hadithi: kirangozi wa msafara, yule anayetangulia wote na baragumu, akaugua. Ndahani akalishika baragumu. Wakampa ngozi ya chui. Akafika ziwani akaona maji yasiyo na ng'ambo. Kila mara mama yake alinipa kipande cha mwanawe, nami nikakishona kwenye yule wangu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana wewe ni wa kazi hii na utalielewa kuliko mtu mwingine. Hadithi zangu zote nilizifungua tunavyozifungua. Ninaita, hadithi, hadithi, nao wanaitika, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Ile ya Ndahani sikuifungua hivyo hata siku moja. Ningewezaje kumwitisha mama yule "uongo njoo"? Nikawa naianza moja kwa moja, kama mtu anayetoa habari za jana.

Baba yako ndiye aliyegundua. Tulikuwa tunakula, akaniuliza, "Mbona ile huifungui?"

"Ipi?"

"Unajua ipi."

Nikamwambia yule mama anajua kwamba ni hadithi. Kila mtu anajua.

"Umemwambia?"

"Anajua."

"Matika, nimekuuliza kama umemwambia."

Nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa bado na chakula. Hakuniuliza tena, na mimi nilifurahi kwamba hakuniuliza tena. Ningependa angeendelea. Utakapokuwa kwako, mumeo akikuuliza jambo ukajikuta unainuka kabla hujajibu, kaa. Hilo tu ndilo la ndoa nitakalokuambia.

Hadithi ikakua ikanizidi. Ikawa ndiyo wanayoitaka watu wote. Watemi waliniita kwenye mikusanyiko yao, nikaenda nikarudi na mbuzi. Siku moja askari wa boma walilala kambini, wakakaa mbele wakaomba Ndahani, na mmoja wao alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia yake. Mama Ndahani alikuwa amekaa jirani yake. Baadaye aliniambia kwa utulivu kwamba watu walimwonyesha: ndiye yule aliyewachukua vijana kisimani. Nikamuuliza, "Mama, ulikaaje karibu naye?" Akasema, "Alikuwa anamcheka mwanangu vizuri."

Kisha kikatokea kitu ambacho sijamsimulia mtu yeyote isipokuwa baba yako. Msafara ulitoka magharibi ukiwa na pembe. Nilipoanza kusimulia, mpagazi mmoja Mnyamwezi, mtu mzima, si mlevi, akanikatiza. Akasema, "Huyo namjua. Nilimwona Ujiji sokoni. Ana ngozi ya chui, na akitembea bega moja linatangulia."

Habari ya bega sikuwa nimewahi kuisimulia, mwanangu. Niliijua, lakini sikuwahi kuitia katika hadithi.

Mama Ndahani aliinuka akamshika yule mtu mikono yote miwili. Alimuuliza kama anakula vizuri, akajibu ndiyo. Alimuuliza kama amenenepa, akajibu kiasi. Mimi nilikuwa nimekaa na ngoma yangu mapajani. Nikajiambia kwamba labda ni kweli. Labda nilikuwa nikisema kweli siku zote bila kujua. Tangu hapo nikawa nalisikia baragumu alfajiri, kabla watu hawajaamka, upande wa magharibi, na hakuna msafara. Nilimuuliza baba yako kama anasikia. Alisikiliza kwa makini sana, kwa sababu alinipenda, kisha akasema hapana.

Reli ikaja. Mwanzoni tuliona watu wakichimba na kujaza udongo, wengine wamefungwa mnyororo shingoni, na msimamizi na kiboko chake. Halafu treni yenyewe ikafika, na misafara ikapungua, kisha ikakauka kama kisima. Kambi ikaota miiba. Tukahamia hapa mjini, nami nikawa nasimulia harusini na kwenye nyumba za watu, kama ulivyonijua.

Pamoja na watu wa udongo wa reli alikuja Ndahani.

Sikuwepo alipofika kwa mama yake. Haya nimeambiwa na jirani aliyekuwa akitwanga pale nje. Anasema alikuja mtu mwembamba, kichwa kimenyolewa, mkono wa kulia umekunjamana haufunguki. Mama Ndahani alikuwa ameketi mlangoni pa tembe. Yule mtu akapiga magoti, akasema, "Mbukwa, mama. Ni mimi."

Yule mama akautazama ule mkono. Akasema, "Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Mama, ni Ndahani."

"Ndahani wangu yuko Ujiji," akasema. "Ana ngozi ya chui. Wewe kaa, utakunywa maji."

Akampa maji. Akampikia ugali wa uwele na mlenda, akamtandikia ngozi mahali wanapolala wageni. Alimtendea mema yote anayotendewa mpita njia.

Habari zikanifikia, nikavuka korongo. Nilimkuta Mama Ndahani peke yake anaanika mboga juu ya paa la tembe. Nilipanda nikakaa naye juani. Nikamwambia, "Mama, yule ni mwanao." Nilikuwa nimejiandaa kumwambia na lile jingine, kwamba yule wa Ujiji nilimtunga mimi. Nililibeba njia nzima.

Alinitangulia. Hakuacha kutandaza mboga. Akasema, "Nilimjua tangu akiwa ng'ambo ya korongo. Nilimjua kwa mwendo, kabla sijaona uso."

Nikaanza kutandaza mboga nami.

"Umemwona mkono?" akaniuliza. "Mgongo umeuona? Nimeuona anapooga. Nikisema huyu ndiye, basi yote yaliyomo mgongoni mle yalimpata mwanangu, na mimi nilikuwa nacheka kambini. Yule mwingine sikumzaa, lakini nimemlea miaka yote hii. Usininyang'anye huyo."

Nikashuka. Lile neno nililolibeba nikarudi nalo.

Baada ya hapo Ndahani alinijia mwenyewe, mchana, wewe ukiwa mtoto mchanga mgongoni mwangu. Nilikuwa nachambua uwele. Alisimama mbali kidogo, kama wanavyosimama watu waliozoea kufukuzwa.

"Dada, wewe ndiye Matika?"

"Ndimi."

"Nisimulie mimi wa Ujiji."

Nilimsimulia. Nilimsimulia yote, tangu shanga mpaka ziwani, na sikugonga ngoma. Alisikiliza akiwa amechutama, mkono ule mbovu ameuweka ndani ya mzima. Nilipomaliza akasema, "Huyo mtu alipata safari nzuri."

Kisha akasema, "Nifundishe."

Hapo ndipo ningekuomba usimame, Sikudhani, ukitaka kujua mama yako alikosea wapi. Watu wangedhani ni ile jioni ya kwanza kambini. Mimi nadhani ni hapa. Mtu alikuwa amechutama mbele yangu akiwa na safari yake mwenyewe, na mimi, ambaye kazi yangu ni kusikia na kusimulia, sikumuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Nilijua tu vile watu wa reli walivyokuwa wakisema, kwamba alipelekwa pwani mashamba ya mkonge, kwamba alitoroka akakamatwa, kwamba mkono ulivunjikia kwenye mashine. Mimi nilimpeleka magharibi, na wao walikuwa wamempeleka mashariki. Niliogopa kuisikia kwa kinywa chake. Kwa hiyo nikamfundisha yangu.

Alikuja kila siku wakati wa kuchambua. Alijifunza upesi. Nilimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kushusha sauti. Nilimwambia kirangozi anavyosimama, kifua mbele, naye akasimama. Na nilipomtazama akitembea uani kwangu hivyo, mabega sawasawa, nilimwona yule wangu amevaa mwili wa huyu. Ule mwendo wake wa bega moja sikuuona tena. Niliutoa mwenyewe, kama unavyonyoosha waya.

Akaenda kwa mama yake akamsimulia. Jirani yule wa kutwanga aliniambia kwamba yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita, "Mwanangu." Akalala chumba cha ndani. Wakaishi vizuri, ukiwaona ungesema ni baraka. Alimlimia, alimchotea maji, na kila jioni alimsimulia habari za Ujiji. Kila mmoja alijua kwamba si kweli, na kila mmoja alidhani anamlinda mwenzake. Mimi nilikuwa nikipita na wewe mkononi, wananipungia, nami nawapungia. Tangu hapo hadithi hiyo sikuisimulia tena mahali popote. Nilikuwa naiona imevaa mwili wa Ndahani, inachota maji kisimani.

Mama Ndahani alipougua aliniita. Alikuwa amepungua, amekuwa kama mtoto ndani ya shuka. Ndahani alikuwa ametoka kutafuta dawa ya mizizi. Akanishika kidole, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima.

Akasema, "Matika, nimechoka na Ujiji."

Nikamwambia, "Najua, mama."

"Mwambie nilimjua. Siku ile aliyokuja. Mwambie nilimjua kwa mwendo, akiwa bado ng'ambo. Mimi nikifungua mdomo nitalia, naye atadhani ninaumwa. Wewe una maneno. Mwambie."

Nikamwahidi. Hakukaa siku nyingi baada ya hapo.

Tulipokwisha kumzika na watu wametawanyika, nilimfuata Ndahani zizini. Alikuwa ameegemea mlango wa miiba, anatazama ng'ombe. Nilisema moyoni, leo nitamwuliza yake kwanza, anisimulie yote, ndipo nimpe neno la mama yake. Nilidhani ndivyo ilivyo haki. Nikaketi chini. Nikamwambia, "Ndahani, sasa tuko wawili tu. Nisimulie ya kwako. Nisimulie huo mkono."

Akautazama mkono kana kwamba nimempa mimi wakati huo huo.

"Huu?" akasema. "Huu ni simba. Tulikuwa tumetoka Ujiji, ninatangulia na baragumu, akatoka majanini. Nilimtia mkono kinywani ili awaache wenzangu."

Mwanangu, katika hadithi yangu hakuna simba. Sikuwahi kumweka. Nilimtazama machoni nione kama anacheza. Hakuwa anacheza. Aliendelea, akaeleza rangi ya manyoya, akaeleza harufu ya kinywa, na akashusha sauti mahali pale pale nilipomfundisha kushusha. Nikamwuliza kuhusu mkonge. Akasema, "Mkonge ni nini?" Nikamwuliza kuhusu mnyororo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Nami lile neno la mama yake likanikwama. Nilijiuliza, nikimwambia kwamba mama alimjua siku ile alipopiga magoti mlangoni, itabidi akumbuke kwamba alipiga magoti. Itabidi akumbuke alikuwa anatoka wapi. Na atajua kwamba alijulikana na bado akaitwa mgeni. Nilikaa pale zizini na neno kinywani mpaka ng'ombe wakalala. Kisha nikasema, "Pole, kaka," nikaenda nyumbani.

Nilitaka kurudi baada ya matanga. Niliporudi, tembe lilikuwa wazi na ng'ombe wamekabidhiwa kwa jirani. Nilimkuta stesheni, amekaa na watu wanaosubiri treni ya kwenda bara, amejifunga kipande cha ngozi begani. Sikutazama ni ya mnyama gani. Nikamwuliza anakwenda wapi.

Akasema, "Narudi Ujiji, dada. Nimekaa sana huku."

Alikuwa hajawahi kufika Ujiji, Sikudhani. Alikuwa hajafika hata Tabora. Alipanda, akakaa dirishani, akanipungia kwa mkono ule usiofunguka, na mimi nikampungia. Hata hapo sikusema.

Sikuandikii haya ili uache kazi. Kazi hii ni yako kuliko ilivyokuwa yangu, na Tabora kuna watu wengi waliochoka. Wala sikukatazi hadithi ya Ndahani. Nilikusikia juzi ukiifungua kwa "hadithi njoo" na wanawake wakakuitikia, na nilipokuwa ndani nimekaa kitandani nilishukuru kwa hilo. Ila watakuja watu kwako mmoja mmoja, watakuuliza habari za watu wao waliochukuliwa, maana wanachukuliwa bado. Nikikuambia ujibu nini nitakuwa nimekutungia tena. Mimi nilitamani sana kujibu, na kwa kule kujibu nikamkosa mtu aliyekuwa mbele yangu.

Lakini nina ombi. Wapo watu wa reli wanaosema kwamba upande wa ziwani kuna mtu mzee kidogo, mkono mmoja mbovu, anayetembea stesheni kwa stesheni akiwasimulia abiria habari za msafara na simba, nao wanampa chakula. Wanasema anasimulia vizuri. Labda ni yeye, na labda ni mwingine. Nimekwisha kudanganywa na habari za upande ule mara moja. Kama utamkuta, usimwambie wewe ni binti wa nani. Kaa, msikilize mpaka mwisho, mpe chakula. Halafu mtazame anapoinuka kuondoka. Akitembea kifua mbele, mabega sawa, mwache aende zake na Mungu amlinde. Lakini kama utaona bega moja linatangulia, hata kidogo, kama mtu anayepita mlango mwembamba, basi mkimbilie, umshike, umwambie kwamba mama yake alimjua kwa mwendo huo akiwa bado ng'ambo ya korongo.

Mama yako,
Matika